Namna ya Kufika Kwetu

Shangazi Perisi, ukitoka Mpwapwa utashushwa Nanenane,
si kule mjini ulikozoea.
Usimwambie bodaboda "Nkuhungu, kwa Mnyangwila."
Ni kijana wa juzi, ramani yake iko kwenye simu,
na simu haimjui baba.

Zamani nilikuelekeza hivi, unakumbuka?
Shuka kwenye mashine ya kusaga ya yule Mrangi,
ile yenye mlango mweupe kwa pumba.
Fuata kelele za kilabu cha ujimbi
mpaka zianze kufifia.
Ukimkuta mwanamke anapiga pasi ya mkaa
huku akiimba tenzi za kanisani, kwa sauti ya pili,
umefika kwa Foibe.
Ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wetu wa mbele.

Sasa, shangazi,
mashine ni duka la marumaru.
Kilabu ni geti jeusi
na mbwa mwenye daktari wake.
Foibe hakutolewa kwa ugomvi.
Mwenye nyumba alikuja na soda mbili,
akakaa, akawasifu watoto wamekua,
akasema, "Wizara zimehamia, dada,
na mimi nina wa kusomesha."
Chumba cha elfu ishirini kikawa cha themanini,
kodi ya miezi sita, mkononi, kabla ya Jumapili.
Pasi aliibeba ina majivu ya moto.

Sisi tulikuwa na chetu.
Tuliuza. Nakwambia mwenyewe
kabla hujaambiwa na watu.
Baba alizihesabu milioni kumi na moja mara tatu,
na mara zote tatu zilikuwa nyingi.
Hata miezi minane haikupita,
kiwanja kilekile kikauzwa sabini.
Tangu siku ile hahesabu kitu.
Jioni mbuzi wanaingia zizini
naye anatazama pembeni.

Na mimi, usinicheke,
ndiye niliyebeba zege la ghorofa lile.
Elfu kumi na tano kwa siku, chakula juu yako.
Pale kilipozikwa kitovu changu
pana choo cha wageni.
Vigae vyake niliviweka mwenyewe, vimenyooka.
Sikutaka mtu aje kusema
mtoto wa Mnyangwila alifanya kazi ya hasira.

Barabara ni ya lami, sikatai.
Taa zinawaka mpaka kunakucha,
zinamulika vumbi lilivyopungua.
Lami tuliiomba miaka ishirini,
tukaiandikia barua, tukaichangia nauli za wajumbe.
Ilipofika
ilitukuta tunafunga magodoro.

Kwa hiyo sikiliza, salio langu ni dogo.
Mwambie akupeleke njia ya Zuzu, avuke reli.
Lami itaisha, hutahitaji kuambiwa,
utaihisi kiunoni.
Hapo shuka, uulize kwa mdomo.
Usitaje mtaa, mitaa bado haina majina.
Wewe sema tu "Mbukwenyi";
atakayeitika bila kushangaa ni wa kwetu.
Foibe yuko jirani tena, nyumba ya tatu,
ila pasi imelala. Huku nani avae shati la kunyooshwa?

Kama mlenda wako umekauka, leta.
Mama alianika wake juu ya jiwe moja
tangu alipoolewa,
na jiwe halikuingia kwenye mkataba, wala kwenye lori.

Halafu utaona bikoni.
Ni mpya, saruji yake bado ina alama ya kidole.
Walipita Jumanne na mashine ya miguu mitatu,
vijana wapole, walituamkia vizuri,
wakaomba maji ya kunywa, tukawapa.
Ukiiona, kata kushoto.
Ni hapohapo, mlango wa bati, baba amekaa nje.

Uje mwezi huu, shangazi.
Nikikuelekeza mwezi ujao
sijui nitaanzia wapi.